Yuniti ya uchumi wa fedha wa kimataifa: niichukue au niikimbie?

MwanaGanda:

Salaam zenu jamaa. Niko mwaka wa tatu, shahada ya uchumi, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kusajili masomo ya muhula ujao. Nafasi moja imenibakia. Ama nichukue uchumi wa fedha wa kimataifa, ama uchumi wa kilimo, ambao kila mtu ananiambia ni mteremko. Hiyo ya fedha wenzangu wanaiita kaburi. Hesabu zangu si mbaya wala si nzuri: kalkulasi nilipata C, na hiyo C niliitolea jasho.

Sasa kinachonivuta ni hiki. Wikendi na likizo huwa namuuzia ami yangu vinyago hapa Malindi, njia ya Casuarina. Wateja wetu karibu wote ni Wataliano na bei tunataja kwa yuro. Januari 2024 yuro moja ilikuwa inabadilishwa kwa zaidi ya shilingi 170. Ami akasema hii lazima ifike 200, akaanza kuweka. Hakuvunja hata noti moja. Akawa anakopa unga na sukari dukani kwa jirani ili yuro zake zisiguswe. Mwishowe alikuwa na yuro 2,300 ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo lenyewe analala nalo.

Ikaja Februari. Dola ikaanza kushuka, yuro ikafuata, ami akasema "itarudi." Haikurudi. Juni, mwenye duka alipotaka kodi yake ya miezi, ami akazipeleka zile pesa akapewa 139. Pigeni hesabu wenyewe. Mimi niliipiga mbele yake na nikafukuzwa dukani siku mbili.

Aliponiita tena akaniuliza, "Wewe ndiye unayesoma uchumi. Nini kilitokea?" Nikababaika. Nikasema mahitaji na ugavi, akanitazama kama mtu anayetazama samaki aliyelala. Halafu akaniongeza: "Na kama shilingi imepata nguvu hivyo, mbona sabuni na mafuta ya kupikia hayakushuka kama dola ilivyoshuka?"

Basi swali langu kwenu ni hili: yuniti hiyo inajibu maswali ya namna hii, ama ni michoro mitupu? Aliyeisoma aniambie ukweli.

---

NahodhaBilaMkataba:

Chukua ya kilimo ndugu yangu, upate A yako utoke. Mimi nina boti ya kupeleka wageni kutazama samaki, miaka kumi na moja sasa, na sijakaa darasa hata moja la fedha za kigeni. Yuro ikipanda nacheka, ikishuka nanuna. Habari imekwisha. Ami wako tamaa ndiyo iliyomponza, uchumi msiusingizie.

---

BintiWaLangoni:

Nahodha, wewe nitakurudia, usiende mbali. Kwanza nizungumze na huyu mdogo wangu.

Mimi niliisoma yuniti hiyo muhula ule ule wa Januari 2024, bara, na sasa niko nyumbani Lamu natunza vitabu vya duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Fikiria bahati hiyo: kila Alhamisi saa nane mhadhiri anaingia na dola imeshahama tangu wiki iliyopita. Kuna siku alifuta mfano wake ubaoni akaandika mwingine, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umezeeka katika siku sita.

Jaribio la kwanza nilipata 9 kwa 30. Nakuambia hili mapema ili usije ukaogopa likikupata. Na kilichoniangusha kilikuwa uelekeo, hesabu zenyewe nilizimudu. Sisi tunasema dola moja ni shilingi 129. Ikipanda ikawa 160, namba imekuwa kubwa lakini shilingi imeanguka. Kitabu kimoja kinaandika hivyo, kingine kinageuza kinaandika shilingi moja ni senti ngapi za dola, na humo namba ikipanda shilingi imepanda kweli. Nilijifunzia kitabu kimoja, mtihani ukatungwa kwa kingine. Kila mchoro wangu ulikuwa sahihi na kila jibu lilikuwa kinyume. Kwa hiyo siku ya kwanza tu, kwenye jalada la daftari, andika kwa wino mwekundu mhadhiri wako anatumia ipi. Kama darasani kungekuwa na mtu wa kuniambia hivi, ningemshonea kofia ya vito.

Hesabu za humo ni logi, mteremko wa mstari, na milinganyo miwili ya kutatua pamoja. C yako inatosha. Anayefeli humo kwa kawaida ni yule aliyekariri michoro bila kujua mistari inamhusu nani.

Mimi mistari niliielewa kupitia kwa mamangu. Kaka yangu yuko Dubai, na kila mwezi humtumia mama dirhamu 1,000. Januari ile zilikuwa zinamfikia kama shilingi 43,500. Katikati ya mwaka zikawa 35,000 na kidogo. Mama akampigia simu, na mimi nipo, akamuuliza bila salamu: "Umeoa huko?" Kaka akaapa hajaoa na hajapunguza hata dirhamu moja. Mama hakusadiki. Kwa nini asadiki? Elfu nane na mia nne kwa mwezi si pesa za kupotea hewani.

Nikachukua karatasi. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dirhamu 3.6725 kwa dola moja, haisogei. Ni kama mashua iliyofungwa ubavuni mwa jahazi kubwa: jahazi likienda na maji, na mashua imo. Kwa hiyo dola ikiwa shilingi 160, gawanya kwa 3.6725, unapata 43.57. Dola ikiwa 129, unapata 35.13. Kaka hakufanya kitu na mama hakufanya kitu. Iliyotembea ni shilingi.

Swali linalofuata ndilo yuniti nzima, na mama aliliuliza yeye mwenyewe: "Sasa mbona na sisi hatufungi kama wao?"

Hapo anaingia Robert Mundell, aliyepata Nobel 1999, na mwenzake wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, Marcus Fleming, watu wa miaka ya 1960. Nchi inatamani mambo matatu: bei ya fedha yake isitikisike, pesa ziingie na kutoka bila kizuizi, na benki kuu yake ipange riba inavyoona. Yote matatu kwa pamoja hayapatikani. Mawili utapata, la tatu utaliacha. Watu wa Emirati, ndiyo nchi ya huko Dubai, wamechagua bei iliyofungwa na mlango ulio wazi, kwa hiyo riba yao inaifuata ya Marekani. Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu na sifuri mapema 2022 hadi asilimia 5.25 mpaka 5.50 kufikia Julai 2023, nao wakapandisha, wapende wasipende. Sisi mlango uko wazi na riba tunapanga wenyewe, basi bei ya shilingi ndiyo tuliyoiachilia. China miaka mingi imebana mlango wa pesa.

Tangu siku ile, kila swali la mtihani nilianza kwa kujiuliza: nchi hii kati ya yale matatu imeacha lipi? Jibu likishakuwa hilo, mchoro unajichora.

Sasa ami yako. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2, ililokopa nje kwa kuuza hati za mkopo, lililokuwa linaiva Juni 2024. Mwisho wa 2023 kila mwenye pesa alikuwa anajiuliza zitatoka wapi, na aliyekuwa na dola akazikumbatia kama ami yako alivyokumbatia kopo lake. Ndiyo maana ikafika 160. Februari serikali ikauza hati mpya za dola bilioni 1.5, kwa gharama kubwa, zaidi ya asilimia 10, ikanunua sehemu kubwa ya lile deni la zamani kabla halijaiva. Mwezi huo huo Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, na hati za miundombinu za shilingi zikauzwa kwa riba ya asilimia 18.46. Kwa mwenye dola zake nje hiyo ni harufu ya biriani. Hofu ikatoka, dola zikaingia, waliokumbatia wakaachilia wote kwa pamoja. Ami yako alikuwa amesimama mwishoni mwa foleni.

Na kwa nini yuro ilishuka ilhali habari ni ya dola? Kwa sababu bei ya yuro kwa dola yenyewe haikusogea sana miezi ile. Shilingi ilipanda mbele ya dola, basi ikapanda mbele ya zote mbili. Kumbuka hili, kuna mtu nitamrudia nalo.

Swali la sabuni lina mtu wake pia: Rudiger Dornbusch, 1976. Bei za dukani ni nzito na bei ya fedha ni nyepesi. Habari mpya ikija, sabuni haiwezi kusogea leo, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na ile nyepesi, nayo huruka kupita hata pale inapostahili kukaa, kisha inarudi nyuma polepole. Ukiongeza ya kwangu ambayo hayamo kitabuni: nati na misumari iliyoko ghalani kwetu leo ililipiwa kwa dola ya 158. Tajiri wangu hawezi kuiuza kama aliyoinunua kwa 129, na mteja hawezi kuelewa kwa nini. Mimi ndiye nikaaye kaunta katikati yao nikitukanwa na pande zote.

Nahodha, haya njoo. Wageni wako wanalipa yuro. Injini yako inakunywa petroli, na petroli nchi hii inanunuliwa kwa dola. Tarehe 14 kila mwezi unasikiliza bei mpya kama wengine. Mwaka 2022 dola ilipanda kutoka kama 113 mwezi wa Januari hadi 120 mwezi wa Septemba. Yuro je? Ilishuka, kutoka kama 128 hadi karibu na 120, kwa sababu huko kwao yuro ilikuwa imeporomoka mpaka chini ya dola moja, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka ishirini. Mafuta yanapanda na mapato yanashuka, wewe uko katikati unanuna. Ulijua unanunia nini?

---

NahodhaBilaMkataba:

Dada wewe umenipiga pasipo na kinga. Mwaka ule nilisema wageni wamekuwa bahili. Hata deki hendi wangu nilimwachisha kazi nikidhani anauza petroli yangu kando. Ngoja nitafakari kama nitampigia simu.

---

MzeeWaKaunta:

Wanangu, salaam. Mimi ni mtu wa Malindi, nimestaafu, nilikaa kaunta ya benki Mombasa miaka ishirini na saba. Binti amesema vizuri, lakini pahala pamoja nitamrekebisha, kwa idhini yake. Anazungumza kana kwamba shilingi siku zote ilikuwa imeachiwa. Haikuwa hivyo. Na sisi tulikuwa tumefunga.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, na bodi iliyoiendesha ilikuwa London, imeanzishwa 1919. Benki Kuu yetu ilianzishwa 1966, na shilingi ya Kenya ikaanza na dola moja kwa shilingi 7 na senti 14. Mwaka 1971 tukaihamishia kwenye dola, 1975 tukaihamishia kwenye SDR, fedha ya IMF ya kuhesabia vitabuni tu. Katika yale matatu ya Bwana Mundell, sisi tuliloliacha wakati huo ni mlango. Tuliufunga kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa fomu.

Na fomu hizo nilizijaza mimi. Mtu anakwenda Hija, anakuja na pasi, tiketi na barua, anaandikiwa kiasi cha fedha za kigeni alichoruhusiwa. Anayempeleka mtoto Bombei kwa matibabu, fomu. Mwenye duka la spea anataka kuagiza mashine, fomu, kisha anangoja mpaka anasahau aliagiza nini. Pembeni kulikuwa na bei nyingine, ya vichochoroni, na kila mtu akiijua na hakuna aliyeijua. Kuna mama mmoja alilia mbele yangu kwa sababu alichoruhusiwa hakimtoshi yeye na mumewe kipofu. Sikuwa na la kufanya. Nikamwongezea wino kwenye muhuri tu, ili usome vizuri.

Halafu 1993. Mwanzo wa mwaka dola ilikuwa karibu na shilingi 36. Mwisho wa mwaka ilikuwa 68, na katikati ilipita hata hapo. Oktoba mwaka huo shilingi ikaachwa ielee. Maduka ya kubadilisha fedha yakaja 1995, na mwisho wa mwaka huo sheria yenyewe ya udhibiti wa fedha za kigeni ikafutwa. Fomu zilizobaki tulizifungia maandazi.

Wewe MwanaGanda unauza kwa Wataliano, basi hili lako. Kabla ya 2002 hao walikuja na lira. Septemba 1992 lira ilishindwa kukaa kwenye bei iliyofungiwa na fedha nyingine za Ulaya, wiki ile ile na pauni, na wageni wetu wa mwaka ule walikaa hotelini wakihesabu vidole. Baadaye wakaingia yuro, lira 1,936.27 kwa yuro moja, na tangu hapo Italia haina lira ya kushusha thamani hata ikitaka. Nilikuwa na mteja mmoja mzee, mpaka 2010 alikuwa bado anabadilisha kichwani kwenda lira kabla hajasaini karatasi.

Na bibi yangu alikuwa na furungu za fedha alizorithi, zimeyeyushwa kutokana na riali za yule malkia wa Austria mwenye kifua kikubwa, Maria Theresa, zilizoandikwa 1780 hata zikipigwa miaka mia baadaye. Hizo thamani yake ilikuwa uzito wake. Halafu zikawa rupia, na rupia nayo bei ya madini ya fedha ilipopanda baada ya vita vya kwanza ikapanda kutoka shilingi moja na peni nne za Kiingereza mpaka shilingi mbili. Walowezi waliokuwa na madeni ya rupia wakapiga kelele hadi Nairobi ikatetemeka. Babu yangu, aliyekuwa akidai watu rupia, yeye alikaa kimya kabisa.

Chukua yuniti, mwanangu.

---

BintiWaLangoni:

Mzee, rekebisho nimelipokea kwa mikono miwili. Ile habari ya fomu ndiyo nilikuwa naikariri kitabuni kama "udhibiti wa mitaji" na sikuwahi kufikiri ina muhuri na mtu analia.

MwanaGanda, jambo moja nililisahau. Kuna mada ya urari wa malipo, yaani hesabu ya pesa zote zinazoingia na kutoka nchini, huja wiki ya pili au ya tatu, na wengi huilala kwa sababu haina mchoro. Usiilale. Chukua duka la ami yako ulifanye nchi. Yuro za Mtaliano ni mauzo ya nje. Rangi na msasa wa kutoka nje ni uagizaji. Pesa anazotuma ndugu aliye nje, kama yupo, ni uhamisho. Na zile yuro 2,300 koponi ni akiba ya fedha za kigeni, na ile sukari ya kukopa kwa jirani ni mkopo ulioingia kuziba pengo. Ukiandika kila kitu mara mbili, upande huu na upande ule, jumla lazima iwe sifuri. Yangu ilikataa kuwa sifuri jioni nzima mpaka nikakumbuka ule mkopo. Profesa mmoja hangenifunza zaidi.

---

MwanaGanda:

Nimesajili. Leo mchana, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Nimemsomea ami majibu yenu yote dukani, nikiruka pale Nahodha aliposema tamaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kuhusu lile deni la Juni akauliza, "Yaani serikali ilikuwa na deni la kuiva Juni na mimi nilikuwa na kodi ya Juni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema wao angalau walilipa mapema. Halafu akaniuliza kama hiyo yuniti inafundisha kujua yuro itakuwa ngapi Desemba.

Dada, hilo inafundisha? Na daftari lako bado unalo?

---

BintiWaLangoni:

Haifundishi. Kuna somo zima linaloeleza kwa nini hata wanaofundisha hawajui, wiki ya tisa, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwambie ami avunje nusu kila mwezi na nusu aweke, asingoje namba ya mviringo kama ile 200 yake.

Daftari ninalo, ila kurasa za jaribio la kwanza nimezichana. Kesho mtu wetu anavuka Mokowe kupanda basi la asubuhi. Nitalitia ndani ya mfuko wa unga, limefungwa kamba ya buluu. Nenda kituoni Malindi ulipokee mwenyewe, usimtume mtu. Na ukimaliza lirudi, kuna mdogo wangu mwingine analisubiri.